Kona ya Ulanga

Kra. Kimya. Kra, kra. Usiku wa manane, nami nikiwa nusu usingizini, nikadhani ni panya anaguguna kitu chini ya kitanda. Nikagonga ubao mara mbili ili akimbie, lakini hakukimbia, akaguguna tena, na safari hii nikagundua sauti haitoki chini, inatoka ubavuni kwangu, pale anapolala mwanangu. Nikawasha tochi ya simu. Mtoto amekaa kitako katikati ya godoro, miezi kumi tu na meno manne, ananichekea, na mdomo wote unameta.

Nilijua papo hapo ni nini. Ni kitu cha ndani ya maikrowevu ya mama mkwe. Wifi yangu alimnunulia mashine hiyo mwaka juzi, na tangu hapo sheria ya nyumba ni moja, hakuna wa kuigusa ila mwenyewe. Juzi akasafiri kwenda kumtembelea huyo huyo wifi, nami nikasema moyoni, ngoja niisafishe ndani, akirudi ajue ana mkwe nyumbani. Ukutani kwa ndani nikakuta kijikaratasi kigumu chenye madoa ya mafuta, ukubwa wa kadi ya kliniki, nikadhani ni kipande cha boksi kilichosahaulika tangu inanunuliwa. Nikakibandua. Nilipokifuta kikameta vizuri mno, nikaona haya kukitupa, nikafunikia glasi yangu ya maji kando ya kitanda ili mbu wasiingie. Hicho ndicho mwanangu alichokivuta.

Baba yake alikuwa zamu ya usiku kiwandani. Nilimtia mtoto kidole mdomoni nikatoa vibanzi viwili, nikampa ziwa, nikakaa macho nikimhesabia pumzi mpaka kukakucha. Asubuhi nikapanga vipande kwenye sinia. Vilikuwa sita, vikaungana vyote vizuri isipokuwa kona moja, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Nilikung'uta shuka, nikapindua godoro, nikapekua hadi nywele za mtoto na nepi yake. Kona haipo.

Zahanati muuguzi alimsikiliza kifua, akambonyeza tumbo, mtoto akacheka akimshika miwani. Muuguzi akasema anaonekana mzima, lakini yeye hawezi kutibu asichokijua, kioo kina yake na plastiki ina yake. Akanielekeza niende kwa fundi nikaulize kile ni kitu gani, na nihakikishe ile kona imekwenda wapi. Gari la hospitali kubwa linaondoka saa nane, akaniambia, na kama sitarudi na jibu la kueleweka, mtoto atapanda.

Ndiyo nikafika kijiweni saa tano, mtoto mgongoni, maikrowevu kichwani juu ya kata, vipande ndani ya bahasha.

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya fundi wa vyombo vya umeme, na friji bovu lililolazwa chali ndilo meza. Fundi wanamwita Fyuzi, kwa sababu huzima ghafla akinuna, na baada ya dakika mbili ameshawaka tena. Pembeni yake hukaa Gazeti, karani mstaafu anayesoma magazeti ya mwezi uliopita ili, kama anavyosema, ajue mambo yaliishaje. Halafu Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini, na mpaka leo akishtuka hukanyaga hewa. Na Dada Wanja, msusi wa mlango wa pili, ambaye hunywa kahawa akiwa na chanuo kichwani. Mama wa kahawa yeye humimina tu, hatii neno. Wote wananijua kuwa ni mkwe wa Bi Mkubwa, na wote wanamwogopa Bi Mkubwa.

Niliwaamkia, nikatua mzigo, nikaeleza yote kwa pumzi moja mpaka Dada Wanja akaniambia nivute hewa. Fyuzi hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama mashine. Akafungua mlango wake, akachungulia ndani, akaufunga polepole, kisha akachukua kipande kimoja akakiinua juani.

— Hii ni mika, akasema.

— Kwa Kiswahili chake ni ulanga, Gazeti akadakia bila kuulizwa. Ni jiwe.

Nikamuuliza jiwe gani jembamba hivyo, linalopinda. Fyuzi akaingia karakana akatoka na pasi kuukuu iliyofumuliwa, akanionyesha waya mwembamba uliozungushwa juu ya bapa lenye mng'ao ule ule. Akaweka ncha ya kisu ukingoni, akabandua ngozi moja, halafu ndani ya ngozi hiyo nyingine, nyembamba mpaka nikaona kidole chake upande wa pili. Akasema ulanga ndivyo ulivyo, umekaa tabaka tabaka kama kurasa za daftari lililoshikana, unachimbwa hivyo ardhini. Moto hauuchomi, umeme haupiti, na mawimbi yanayopasha chakula ndani ya maikrowevu yenyewe yanapita humo. Ndiyo maana unawekwa pale, kuziba tundu ili mvuke na mafuta yasiingie kwenye mtambo.

— Fundi, ni sumu?

— Sumu si sumu. Maisha yote umepigia nguo pasi na ulanga uko ndani yake.

— Nguo zangu hazikuula, nikamjibu.

Dada Wanja akaniwahi. Akafungua kipochi chake akatoa wanja wa kope wenye kumeta, poda ya mashavu na rangi ya mdomo, akampa Gazeti asome maandishi madogo ya nyuma. Gazeti akavua miwani, akavaa, akavua tena, akasoma. Mika. Kwenye cha pili, mika. Kwenye cha tatu, mika.

— Unaona, mdogo wangu? Wewe siku ya harusi yako nilikupaka mimi mwenyewe, na ulikula pilau na rangi yako mdomoni. Uliumwa?

Breki akakokotoa kwa sauti, kwamba kama kila mwanamke hula kidogo kidogo kila Jumamosi, basi saluni ile peke yake imeshamaliza kilima kizima, na waume zao wamemaliza kingine bila kujua. Dada Wanja akamwambia yeye Breki hawezi kuwa amemaliza hata kokoto. Benchi likacheka. Hata mimi nilikaribia, lakini nikakumbuka.

— Ule wa rangi umesagwa, nikasema. Hii ni kona. Ina ncha. Na muuguzi anataka kujua imekwenda wapi.

Hapo ndipo wangenyamaza, kama wangekuwa watu wa kunyamaza. Mama wa kahawa akazungusha vikombe, na kila mmoja akaona ni wajibu wake kunituliza kwa elimu aliyonayo.

Gazeti alianza na mambo yanayoaminika, kwamba zamani majiko ya chuma yalikuwa na vidirisha vya ulanga, unaona moto na moto haukupati. Sawa, hilo nililikubali. Lakini kutoka hapo akateremka na kusema tumbo la mwanangu sasa limepata kidirisha, na akivimbiwa, daktari atachungulia tu bila kumpasua.

Breki akaona amepitwa. Akasema la kuangalia ni joto. Injini yake ya zamani ilikuwa na bapa kama lile karibu na ekzosi, na siku bomba lilipoiva likawa jekundu, bapa halikubadilika hata rangi. Kwa hiyo mtoto aliyekula ulanga ataepua sufuria kwa mikono mitupu.

— Na homa? Dada Wanja akauliza, kwa uzito kabisa.

— Homa itampata wapi? Itagonga na kurudi.

— Na umeme haupiti, Gazeti akaongeza. Ukubwani ataajiriwa kupanda nguzo bila glavu. Mwanangu, shukuru, umezaa fundi umeme.

— Mawimbi je? Breki akadakia. Fyuzi amesema mawimbi yanapita. Nyie mkae naye karibu jioni, mtanasa stesheni za nje bila antena.

Mtoto wakati huo nilikuwa nimemshusha, amekaa juu ya friji, anapiga mlango wake kwa kifuniko cha kahawa, na kila wakicheka naye anacheka, meno manne yote nje. Nilimtazama nikajiuliza kama hivyo ndivyo anavyocheka siku zote au leo anacheka zaidi. Mtu akiogopa hata kicheko cha mwanawe anakitilia shaka.

Ila Fyuzi hakucheka. Na Fyuzi ndiye mbea mkuu wa kijiwe kile, ndiye aliyesambaza habari za mimba yangu kabla sijamwambia mume wangu. Leo kimya. Alikuwa amevipanga vipande vyangu juu ya goti, anazungusha kidole pale palipo na pengo. Ghafla akaniambia niende kwa muuguzi nikamwambie kuwa kona haikuliwa.

— Umejuaje?

— Najua tu.

— Nikamwambie muuguzi fundi anajua tu?

— Mwambie haikuliwa, binti. Kona hiyo mtoto hakuiona hata kwa macho.

Wenzake wakamgeukia. Gazeti akataka vyanzo. Breki akamwambia aache kukata kona, aseme, na Fyuzi akazima, kama kawaida yake, uso wote ukafunga. Akasimama akaingia karakana, nikamwona kwenye kiza cha ndani ameweka simu sikioni. Akatoka. Akakaa. Akaingia tena. Dada Wanja akasema huyu amepata mpenzi. Alipoingia mara ya nne nikamfuata mpaka mlangoni, nikamwambia, kaka, kama unajua kitu kuhusu mwanangu na hunieleweshi, nitakaa hapa nilie mpaka wateja wako wote wakimbie. Sikuwa natania. Machozi yalikuwa yameshaanza.

Akanitazama kama mtu aliyebanwa na mlango.

— Nimeapishwa, akasema kwa sauti ya chini. Nivumilie kidogo. Natafuta ruhusa.

Ameapishwa nini, na nani, na ruhusa ya kuhusu kona ya mwanangu iko mikononi mwa nani, hakusema. Nikarudi kwenye benchi nimechanganyikiwa zaidi. Saa saba ikapita. Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni niende kusubiri lile gari, na Dada Wanja ameshavua aproni anisindikize, ndipo pikipiki ikasimama mbele yetu kwa vumbi, na nyuma ya dereva, begi mapajani, mtandio umeruka hadi shingoni, akateremka mama mkwe wangu. Alitakiwa arudi jioni.

Akalipa, akajitanda vizuri, akatutazama mmoja mmoja.

— Hiyo mashine yangu inafanya nini kijiweni?

Swali fupi kama hilo. Gazeti, mwenye majibu ya dunia nzima, akafungua gazeti la mwezi uliopita akajifunika. Breki akakanyaga hewa. Mama wa kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha Dada Wanja, ikatoka tone moja, basi, kahawa imekwisha. Hakuna aliyekuwa na pa kukimbilia.

Nikasema mimi. Nilisema yote tangu boksi nililodhani limesahaulika, glasi, ile kra kra, vipande sita, muuguzi, saa nane, na kila neno nililitoa nikijua ndilo linalonifukuza katika nyumba ile. Mashine hakuitazama hata mara moja. Alimvuta mjukuu wake kutoka mgongoni kwangu, akamfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi zote, akamnusa pumzi.

— Kona ipi?

Nikampangia vipande juu ya friji. Akaliangalia lile pengo, halafu akainua macho taratibu.

— Fyuzi.

— Naam, mama.

— Tangu saa ngapi huyu mtoto wa watu yuko hapa?

— Saa tano.

— Saa mbili nzima unamtazama analia, na kona unajua iliko.

— Uliniapisha, mama. Ulisema hata akiniuliza mwanao, hata akiniuliza polisi. Nimekupigia mara saba.

— Saba ndizo zilizonirudisha. Ilete.

Fyuzi aliingia mbio. Akatoka na kopo la biskuti, akalipindua juu ya friji, zikamwagika skrubu, nati, vioo vya redio, funguo zisizo na kufuli, kila kitu alichokataa kutupa tangu aanze ufundi. Akapekua kwa kidole kimoja. Akaokota kipembetatu kidogo, kijivu chenye mng'ao, akakisogeza taratibu mpaka kikagusana na vile vipande vyangu.

Kikaingia. Bila mwanya.

Hapo ndipo nikaona nilichokuwa nacho mbele ya macho tangu alfajiri. Kingo zote nyingine zilikuwa zimetafunwa, zina meno meno. Ukingo wa kona ile ulikuwa umenyooka kabisa, umekatwa kwa mkasi. Na mimi nina cheti cha kidato cha nne, nimesoma jiometri, muda wote huo nimeamini mtoto wa meno manne anaweza kukata mstari ulionyooka.

Nilikaa chini pale pale, penye mavumbi. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Dada Wanja akanifuta uso kwa ile aproni aliyoivua, yenye harufu ya mafuta ya nywele.

Bi Mkubwa alikaa kwenye benchi, mtoto mapajani. Nikadhani sasa ndiyo zamu yangu. Badala yake akaanza kusema akiwa anatazama barabarani, kana kwamba anamwambia mtu mwingine kabisa. Siku ile mashine ilipofika, alisema, binti yake alipoaga tu, yeye akaifungua ndani aisafishe, akaona boksi limesahaulika. Akalibandua. Akalikunja akawashia jiko, halikuwaka, akashangaa. Kesho yake akapasha maziwa, mashine ikatoa cheche za bluu na harufu ya kuungua, akaizima kwa fimbo ya ufagio. Alipotulia akaifunga kwenye blanketi, akaibeba kifuani mpaka hapa kijiweni wakati wa magharibi, na majirani wawili walimpa hongera njiani wakidhani ni mtoto mchanga. Fyuzi akamkatia ulanga mpya kutoka kwenye bapa kubwa, na kona akaikata kwa kuwa ilikuwa inagonga skrubu.

— Binti yangu kila akipiga simu ananiuliza, mama, mashine iko vipi. Namwambia iko vile vile ulivyoileta. Sasa ningewaachia muiguse, mkaja mkaona ndani kuna kona iliyokatwa kwa mkasi?

Hivyo ile sheria ya nyumba haikuwa ukali. Miaka miwili namwogopa mwanamke aliyekuwa ananiogopa mimi nisichungulie.

Breki ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka mpaka ubao ukatikisika, Gazeti naye nyuma ya gazeti lake, na Fyuzi, aliyefunguliwa kiapo, akaanza kusimulia lile blanketi kwa mikono na miguu mpaka Bi Mkubwa akamnyooshea kidole. Akawaapisha wote pale pale, mmoja mmoja, hata mama wa kahawa, ambaye alisema neno lake la kwanza na la mwisho siku ile, naapa.

Tulifika zahanati tukihema, saa nane kasoro dakika kumi. Muuguzi akavipanga vipande saba mezani, akaunga mwenyewe, akapitisha ukucha kwenye maungio yote. Vibanzi ambavyo huenda amemeza vitatoka vyenyewe, akasema, nimwangalie siku mbili hizi, nimwangalie na nepi, akitapika au akikataa kunyonya nirudi mbio. Kisha akamwambia dereva wa gari aondoke. Mtoto akampungia mkono.

Tulipopita kijiweni kuchukua mashine, Fyuzi alikuwa ameshakata ulanga mwingine na kuupachika. Kona yake aliitupia kwenye kopo lile lile la biskuti.

Nikaibeba kichwani. Bi Mkubwa akambeba mjukuu. Tulitembea mpaka tukakaribia geti.

— Wifi yako hili asilisikie, akasema.

— Hatalisikia, mama.

— Wala mumeo.

— Wala yeye.

Akawahesabu kwa vidole juu ya mgongo wa mtoto. Wanne wa benchi, mama wa kahawa, muuguzi, na huyu mwenye meno manne. Akaona wametosha.

— Mtu mwingine, mwanangu?

Nikashika mashine kwa mikono miwili isije ikaanguka, maana kicheko kilikuwa kimenibana, nikamwahidi. Mtu mwingine yeyote, sitamwambia.